Medali ya Babu Yake Koku

Ijumaa, tarehe ishirini na tano Aprili, mwaka 2025, saa mbili na robo asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Wasikilizaji wapendwa, tarehe hiyo ishikeni.

Mnanijua. Mimi Thobias, huwa nawasomea misiba ya wenzetu hapa Sydney. Leo nasoma wa kwangu. Mke wangu, Kokushubila, hayupo. Koku wangu hayupo.

Koku alihudumia wazee, kule Seven Hills. Akicheka, jirani anagonga ukuta. Na alikuwa na medali ya babu yake, Sajini Ishengoma wa KAR, jeshi la mfalme wa Uingereza kule kwetu. Ya fedha. Upande mmoja kichwa cha mfalme na taji lake. Utepe mwekundu, mstari wa kijani katikati. Kwenye ukingo wamechonga namba na jina la mzee. Alitumikia miaka kumi na minane bila kosa, wakampa. Bukoba nzima sijasikia mwingine mwenye nayo.

Mama mkwe, Ma Frida, aliituma kwa mkono wa paroko, na sharti juu: "Ivae siku moja tu, siku ya wanajeshi huko kwenu. Kisha irudi. Nataka kuzikwa nayo."

Basi asubuhi ile tukaenda kwenye gwaride, Lidcombe. Koku akaipachika kushoto, kama babu kwenye picha ya ukutani. Kushoto. Hatukujua. Huku, kushoto ni kwa aliyetumikia mwenyewe. Mjukuu anavaa kulia. Bwana mmoja wa kamati ya gwaride akatusimamisha mbele ya watu. "Hii umeipata vitani wewe?"

Koku akamjibu, "Mimi na vita wapi, baba? Vita yangu ni kubadilisha mashuka. Ni ya babu."

Watu wakacheka. Yule hakucheka. Akasema anaichukua ikakaguliwe, wiki mbili. Risiti hakuna.

Koku akanitazama. Nikasema, "Mpe, mama. Hawa wakubwa, watarudisha." Nilisema mimi. Mimi mwenyewe.

Wiki mbili zikawa miezi. Kamati inamtuma ofisini kwao Campbelltown, ofisi inamrudisha kwa kamati. Na Ma Frida kila Jumapili kwenye simu: "Koku, utanizika na nini?"

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, alipanda treni kwenda Campbelltown kuwauliza tena. Moyo ukasimama njiani. Mkobani mwake nilikuta picha ya medali na barua kumi na moja. Zote zinasema, tunashughulikia. Wakubwa hao. Wanashughulikia!

Siku ya nne baada ya mazishi, barua ya kumi na mbili. Kiingereza changu cha kuungaunga, nikampa Brigitha, jirani yetu. Akasoma, akasoma tena. "Kaka Thobias, wanasema familia ilishaichukua. Tarehe tisa Juni. Kuna sahihi."

Tarehe tisa Juni! Huku ni sikukuu ya mfalme, ofisi zimefungwa. Na Koku alikuwa bado anauliza mpaka Agosti.

Ma Frida, pole, mama yangu. Poleni ukoo wote wa Ishengoma. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujamkabidhi mkubwa kitu cha wazee wako, fikiri mara mbili. Mimi sikufikiri.

Familia hapa Sydney tulikuwa wawili tu. Koku hakusaini. Mimi sikusaini.

Nani alisaini?