Bukari Yangu Yenye Balikataa

Ba mama, ba tata, mutoto mwenye kulia pale nyuma, musimutoshe inje. Mumuache alie. Mi nilikaa mwaka muzima bila kulia, najua bei yake.

Benye habanijue: natumika kwa farasi, huku inje ya Dilala, kwa tajiri moja wa makamyo ya muzigo. Mi njo nashikaka kichwa ya farasi wakati munganga wa banyama anamupima, juu na mi farasi banatulia. Tena mi ni mama mapasa, mama wa mapacha. Nilizaa Kyungu na Kabange. Kabange alirudi angali ananyonya. Kwetu hatusemi pasa amekufa, tunasema amerudi.

Tajiri alikuwa na farasi jike, mukimbiaji sana, lakini alizeeka, tumbo haikubeba tena. Basi banganga balitosha mayai yake inje, bakaiunganisha na mbegu ya dume mu laboratware, kule mbali. Mimba ndogo zilikuja mu chupa ya baridi kali. Munganga aliweka mbili mu tumbo ya farasi ingine, mwenye nguvu, juu mara mingi hata moja haishikake.

Zote mbili zilishika.

Siku tuliona ile mapasa mu ekrani ya mashini ya kupima tumbo, tuliimba, ndugu zangu. Nyimbo za mapasa, mu nyumba ya farasi. Munganga alingoja tumalize. Akasema: "Farasi habebi mapasa. Nikiacha mbili, tutakosa zote, pengine na mama yabo. Nitafinya moja leo."

Benzangu bote balitoka. Pasa haiguswe. Nilibaki mi peke, na kichwa ya farasi ku kifua. Nilishika, munganga akafinya.

Kuanzia pale, hakuna mwenye alikula bukari yangu, ile ugali yenye napikaka. Ku kazi mi njo nilikuwa napikia bote. Sahani zilirudi zimejaa. Ku nyumba mama mukwe alisema: "Mukono yenye kuua pasa haipikie bantu." Kyungu akashikwa na malaria, bakasema, munaona? Nabaambia kweli, na mi niliamini. Dawa ilimuponyesha, lakini kila asubui niliogopa kufunua blangeti yake. Machozi ilikataa.

Farasi anabeba mimba karibu mwaka. Kuzaa kulikuwa kubaya. Tulivuta mutoto, mi na munganga, mpaka mikono ikaisha nguvu. Alipumua. Mama yake alibaki chini, hakuweza kusimama.

Mama mukwe alikuwa amekuja, bantu balimuambia mambo iko mubaya. Alisimama ku mulango, akaangalia ile mutoto mukubwa, akaangalia farasi mama amelala chini.

"Mbili zingepita wapi?" akasema pole pole. Kisha akaikala juu ya gunia. "Uko na bukari?"

"Iko ya jana, mama. Imepoa."

"Leta."

Alikula na sombe, majani ya muhogo, akamaliza. Njo pale nilimulilia Kabange. Nililia mpaka farasi akageuza kichwa. Kisha akasimama.

Mama mukwe, uko hapa, sitaji jina yako. Aksanti. Na munganga, aksanti, uliendelea kunipatia kazi wakati bengine balinikimbia.

Ndugu zangu, muntu akiwa na huzuni, maneno ingoje. Kwanza mukule chakula yake.

Mambo haijaisha. Kuko benye bananipita mbali mpaka leo, bengine biko hapa ndani. Bukari iko pale nyuma, mu sufuria. Mwenye kuogopa, simulaumu. Mwenye kutaka, anawe mikono.