Sauti ya Kuanzia ya Mwalimu Nyamweya

Pale Suneka, nyuma ya steji ya matatu, ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili umebeba maneno mengi kuliko kamati yoyote ya mazishi. Gulled, muuza kahawa, ndiye mwenye birika. Jioni hiyo kahawa ilinywewa polepole, maana Mwalimu Nyamweya, aliyeimbisha kwaya ya kanisa tangu wengine wakiwa tumboni, angezikwa kesho. Nyasani, aliyeitwa Besi kwa sauti yake ya ngoma, ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza wimbo kaburini. Alikuwa Msabato, na kwao kahawa haikubaliki. Kila akimeza aliomba msamaha kimoyomoyo, kisha akaongeza sukari.

— Niambieni jambo moja kubwa la mwalimu, akasema. Nikisimama kesho nisiwe kama nguzo.

— Moja tu? akadakia Ogoti, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyejua kitufe cha kumzima. Si alipita kwa kinu cha unga akasema, "Mashine yenu inaimba chini kidogo"? Kufungua, mkanda umelegea! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Sasa mtoto ameingiaje kwa mashine, bana? akauliza Nyasani.

— Methali haiulizwi inatoka wapi.

— Hiyo ni ndogo, akasema Haron, fundi viatu. Fahali wa Obwocha alivunja ua wakati wa mazoezi. Watu mbio! Mwalimu akasimama, akamwimbia. Fahali akalala kama kondoo.

— Yule alilala kwa njaa! akabisha Nyasani.

— Na mvua je? Redio akapandisha sauti. Harusi ya Drusilla, mvua ya mawe ilifika mlangoni pa kanisa. Iliposikia soprano, ikageuka ikaenda kunyesha Nyamira. Dua la kuku halimpati mwewe!

Gulled akamimina kikombe.

— Mimi si wa kanisa lenu. Lakini mama yangu alipofariki, mwalimu alikuja. Hakuimba. Alikaa nasi mkekani tu, mpaka jioni.

— Mnaona? akasema Redio. Hata kunyamaza, alinyamaza kwa sauti nne.

Ndipo akafika Mokeira, aliyejiunga na kwaya juzi tu. Nyasani akasukuma kikombe nyuma ya mguu.

— Bwana asifiwe, tata, akamwamkia Nyasani kama baba yake. Kesho nani atatupa sauti ya kuanzia?

Kwaya ile haikuwa na kinanda. Kabla ya kila wimbo mwalimu aliguna tu, mmm, na kila mtu akapata mahali pake. Nyasani hakuwahi kujiuliza ile mmm ilitoka wapi.

Akajaribu kuiguna. Ikazama kisimani. Haron akaguna yake, ikapaa darini. Redio akaleta ya tatu.

— Tushike ipi, tata? Mokeira akauliza taratibu.

Macho ya Nyasani yakajaa. Akamwona mwalimu: kiganja nyuma ya sikio, akingoja. Hakuguna hata siku moja kabla mtu wa mwisho hajafunga mdomo.

— Tunyamazeni kwanza, akasema.

Redio akafungua kinywa, akakifunga. Gulled akaliondoa birika motoni, lisije likachemka kwa kelele.