Fundi Redio na Barua Pepe ya Pingamizi

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi hii mimi mdogo wake marehemu, niliyezunguka nchi za watu nikarudi na kitambi na koti la baridi, kwa kuwa familia inaamini mtu wa maneno mengi halii haraka, na hilo tutaliona.

Kaka yetu, Fundi Redio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtaa huu huu, akasoma shule ya msingi hapo ng'ambo ya barabara hadi mwaka 1975, akajifunza ufundi kwa baba mdogo, na mwaka 1983 akafungua kibanda chake, alikotengeneza redio zenu, nyingine hamjazifuata mpaka leo. Tarehe 14 Juni 1987 alimwoa shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka jana aligombea udiwani, na kwa kuwa fomu ilidai anwani ya barua pepe, naye hakuwa nayo, alifanya kama tunavyofanya sote mtaani, akaandika ya duka la fotokopi, asijue kwamba mpinzani wake, mwenye mashine ya kusaga, ameandika hiyo hiyo. Tarehe 22 Agosti ofisi ya uchaguzi ilituma humo taarifa ya pingamizi dhidi ya kaka, mwenye duka akaichapa, akaona jina la juu ni la mwenye mashine, aliyeweka pingamizi, akamkabidhi yeye, naye, kama alivyokiri baadaye mahakamani bila haya, akaikunja akatia mfukoni. Kaka alikuwa akijigamba kwamba serikali ikimtaka itapiga hodi, shemeji akimjibu, "Wewe ngoja hodi, wenzio wanaingilia dirishani." Muda wa kujibu ukapita, jina likafutwa.

Alikwenda mahakamani kuomba asikilizwe, basi, akaambiwa barua ilifika kwenye anwani aliyoiandika mwenyewe, akakata rufaa. Tarehe 3 Februari alipata kiharusi, ulimi ukafungwa, na juzi, tarehe 17 Mei, alifariki hospitalini, shemeji amemshika mkono, na wakili anasema rufaa nayo imeishia hapo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na mwenye duka la fotokopi, ambaye hakuwa na hila, naomba ainue kichwa. Mwenye mashine ameleta rambirambi kwa mkono wake, tumezipokea.

Pingamizi lilidai kwamba kaka si mkazi wa kata hii. Namjibia mimi, mbele yenu mliokua naye: saa kumi tunamzika humu humu, asihame tena. Pumzika kwa amani, kaka, umesikilizwa.