Fundi Vigae Aliyemuuliza Kila Mtu Isipokuwa Shemeji Yake

Mliokaa kaeni vizuri, mliosimama sogeeni kivulini, maana marehemu hakupenda kazi ianze na watu hawajui mahali pao. Haya ndiyo maisha ya fundi vigae tuliyemwita Bwana Nani. Anayesoma ni binti yake wa kwanza, naye ni fundi vigae vilevile. Maneno ni ya mama mzazi wa marehemu. Atakayeyaona machungu asiseme yametiwa chumvi. Chumvi imetiwa mahali pa kuzaliwa tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano. Hiyo ni tarehe ya kitambulisho. Mama yake anachokumbuka ni mvua, mvua iliyonyesha mpaka bata wakaja kupiga hodi kuomba mahali pakavu. Mtoto alitoka amekunja uso. Akamtazama mkunga, akamtazama mama, akamtazama shangazi aliyeshika taa, na mkunga aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto yule hakulia kwanza. Alisubiri aone ni nani atakayemkata kitovu. Mashahidi wengine wote wamekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Jina la Bwana Nani alilipata darasa la tatu. Mwalimu aliwaambia watoto, "Kesho nikute darasa linang'aa." Marehemu akanyoosha mkono: "Nani anafagia, mwalimu, na nani anachota maji?" Mwalimu akamwambia, "Kaa chini wewe, mtajuana wenyewe." Kesho yake darasa lilikuwa chafu kama zizi. Wakachapwa wote, na aliyeuliza akachapwa zaidi, eti kwa kuwa alijua mapema. Alama za fimbo zilifutika. Jina halikufutika.

Mwaka 1986 alikwenda kukaa kwa baba yake mkubwa, fundi vigae, akajifunza kazi. Alipopata mikono yake mwenyewe alikusanya mafundi wenzake wanne, wakawa wanachukua kazi kwa makampuni ya ujenzi. Kampuni ndiyo hupewa jengo zima, nayo huligawa vipande vipande: bomba kwa huyu, umeme kwa yule, vigae kwa mwingine. Hapo ndipo penye matatizo, maana jengo likigawanywa, kila kipande hupata mwenyewe, lakini katikati ya kipande na kipande hubaki ufa usio na mtu.

Marehemu aliuona ufa huo. Akifika kazini alisimama mlangoni, mfuko wa vifaa bado uko begani, akauliza kwanza. "Nani anasawazisha sakafu kabla sijaingia? Maji juu analeta nani? Bomba likivuja chini ya vigae vyangu, nani anavunja na nani anarudishia?" Mpaka ajibiwe mbele ya wenzake, mfuko haukugusa chini.

Manyapara walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mzee, umekuja kujenga au kuposa?"

"Kuposa nilimaliza," akajibu. "Huku ndiko kugumu."

Yeye ndiye aliyetuletea habari ya lile jumba ambalo hakuna aliyeambiwa ajenge ngazi. Wa zege alijua ni ya mwashi, mwashi alijua ni ya seremala. Jumba likakamilika, rangi ikapakwa, mapazia yakatundikwa, na ghorofa ya juu hapakuwa na njia ya kufika. Siku ya kufungua wakasikia mbuzi analia huko juu. Alipandaje? Labda naye aliambiwa wataelewana huko huko. Marehemu alilisimulia hilo kwa uso mkavu kabisa, na mama yake hawezi kuapa kwamba ni uongo.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na mkewe, mshonaji, ambaye yuko hapa mbele yetu. Kabla ya siku hiyo alimketisha akamuuliza: mlango usiku anafunga nani, taa anazima nani, mtoto akilia anaamka nani? Bibi harusi akamjibu, "Mlango wewe, taa wewe, mtoto wewe. Mimi nitakupenda." Akafikiri, akasema, "Sawa, nimeelewa." Kwa miaka yote hiyo nyumba ile haikulala wazi hata mara moja. Usiku wa kwanza alipolazwa hospitali, mlango ulilala wazi mpaka asubuhi. Mwenye kazi hiyo hakuwepo, na wengine hatukuwahi kuijua.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta hapa.

Kaka wa mkewe ni mkandarasi. Yeye pia yuko hapa, kiti amepewa. Mwaka jana kampuni yake ilipata jengo la ofisi, ghorofa tano, akamwita marehemu kwa kazi ya vigae. Marehemu akaenda. Akasimama mlangoni na mfuko wake begani, akafungua kinywa. Shemeji akamkumbatia. "Shemeji, mimi na wewe ni watu wa kuulizana? Ingia, ingia. Tutaelewana huko huko."

Jioni mama yake alimuuliza, "Umeuliza?"

"Mama, yule ni shemeji yangu. Nikimhoji ataona simwamini."

Mtu aliyemhoji mwalimu, akawahoji manyapara, akamhoji hata bibi harusi, alimwonea haya shemeji. Akautua mfuko.

Katika ghorofa ya pili palikuwa na shimo la kupitishia mabomba, ukubwa wake kama dirisha. Lilifunikwa kwa mbao. Mafundi bomba walizitoa wapitishe mabomba yao, kisha wakazichukua chini walikofanya kazi, ziwe jukwaa la kusimamia. Juu ya shimo wakalaza ubao mwembamba wa dari, vumbi la saruji lisianguke kwenye mabomba. Vumbi likaja likatanda, likalingana na sakafu yote. Asubuhi ya tarehe 11 Juni mwaka huu marehemu alipita pale na boksi la vigae begani. Ubao wa dari haukuumbwa kubeba mtu. Alianguka mpaka chini, mgongo ukavunjika.

Boksi alianguka nalo amelikumbatia, na vigae havikuvunjika hata kimoja. Nyapara aliviokota, akavipangusa, akavirudisha stoo. Hilo hakuuliza kama ni kazi yake.

Hospitalini miguu haikurudi, kisha maji yakajaa kifuani. Watu walikuja kumwona. Fundi bomba alikuja akilia, mikono kichwani: "Kaka, wallahi nilijua kampuni itafunika." Nyapara akaja: "Mzee, sisi tulijua mafundi bomba watafunika." Shemeji akaja na matunda, akasimama upande wa miguu: "Shemeji, mimi nilijua mnaelewana."

Marehemu aliwatazama kwa jicho lile lile alilozaliwa nalo. "Kumbe mlijua wote," akasema. "Shimo peke yake ndilo lilikuwa halijui." Akataka kucheka, kifua kikamkataza.

Alifariki tarehe 2 Julai, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Alimwambia neno moja ambalo hatulipambi, kwa sababu halihitaji pambo: "Uliza kabla hujatua mfuko."

Yupo atakayesema ni kazi ya Mungu. Mama yake anamwogopa Mungu kuliko asemaye hivyo, ndiyo maana hawezi kumsingizia. Mungu hakuwa mkandarasi wa jengo lile.

Kazi ya vigae haijaisha; bado ghorofa ya tatu, ya nne na ya tano. Juzi hapa msibani mkandarasi alimwita huyu binti pembeni ya ukuta, na wenye masikio tulikuwa karibu. "Mwanangu, wewe ndiye umebaki na mafundi wa baba yako. Jumatatu njooni tu. Tutaelewana huko huko."

Binti akasema, "Mjomba, mashimo ya huko juu anafunika nani?"

"Hapa si mahali pake, mwanangu. Tumzike baba kwanza."

Wazee wawili wakamvuta binti kanga, eti mjomba hahojiwi, tena msibani, tena na msichana. Mama yake marehemu anawaheshimu wazee hao, ingawa mmoja wao yeye ndiye aliyempakata akiwa hajaota meno. Lakini anawauliza: kama si hapa, ni wapi? Baba wa binti huyu alitafuta mahali panapofaa, akapakosa kwa sababu ya adabu. Adabu ile ndiyo tumeibeba leo mabegani, watu sita.

Marehemu ameacha mama, mke, binti wawili na mwana mmoja, ndugu wanne, na mafundi wanne waliomzoea kama baba. Ameacha pia shemeji.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijatoka ndani, wanaume walikaa uani wakagawana kazi kwa sauti. Huyu atashika kamba upande wa kichwa, huyu upande wa miguu. Sepetu zinaletwa na wa nyumba ya pili. Nani anaanza kufunika, nani anampokea, nani anabaki mpaka udongo usawazishwe. Hakuna aliyeona haya kuuliza, na hakuna aliyesema tutaelewana huko huko. Sepetu ya kwanza amepewa shemeji yake. Aliombwa mbele ya watu, akakubali mbele ya watu.

Basi, mkandarasi, ukiwa umeishika sepetu hiyo, shemeji yako akiwa chini yako kwa mara ya pili, binti yake atakuuliza tena lile la juzi. Mafundi wanne wako nyuma yake wanasikiliza. Mfuko wake wa kazi uko nyumbani nyuma ya mlango, na hautatoka Jumatatu mpaka ujibu.

Nawe, mwanangu, pumzika kwa amani. Shimo hili la leo ni letu kulifunika, na tumekubaliana.