Kopo la Ushanga la Mama Akal

Tarehe 30 Novemba 1999, Mama Akal Lokuruka anavua aproni baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi: kumi na mitano katika jiko la hospitali yetu ya Lodwar, na saba katika zahanati yetu ya Kakuma. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu anayejua kuandika ikamkosa, ndipo ikamkumbuka mtunza stoo. Wasomaji wavumilie.

Lodwar alianza kwa kuosha sufuria. Mwaka wa tatu akawa mpishi mkuu, na wagonjwa waliokwisha kupona wakawa wanaugua upya kila Ijumaa, siku ya chapati.

Mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa, akahamishiwa Kakuma na mwiko wake. Mtunza stoo alifika mwezi mmoja baadaye akiwa na suruali mbili nyeusi, mihuri mitatu, na imani kwamba stoo ndiyo moyo wa zahanati. Mama Akal hakubishana naye. Alimpa uji.

Kazi atakayokumbukwa nayo zaidi ni biskuti za Adhieu. Mwaka 1997 binti huyu wa miaka saba, aliyetoka Sudan na mamake Anyieth, alikuwa amekonda, tumbo limevimba. Daktari Jerotich akagundua kwamba mwili wake haupatani na ngano, hata chembe. Mama Akal akamwokea biskuti za mtama. Zilikuwa salama, ila zilimomonyoka kabla hazijafika mdomoni, na shuleni wenzake wakasema Adhieu anakula mchanga. Akaacha kuzila. Uzito ukashuka tena.

Daktari akapendekeza oti, zile nafaka bapa za uji, zishikanishe biskuti. Mradi ziwe hazijagusana na ngano, na zianzwe kidogo kidogo huku mtoto akipimwa. Mfuko uliofungwa vizuri ukaletwa na ndege ya Lokichoggio. Wiki tatu Mama Akal alizipima oti mwenyewe. Biskuti zikashikana, Adhieu akaongeza kilo nzima, na wale waliomcheka wakaanza kumwomba awamegee.

Hapo ndipo mtunza stoo alipokumbuka sheria. Kila kitu kinapimwa stoo, kwa gorogoro la stoo, lile kopo la bati la kupimia. Akauchukua mfuko kwa heshima zote. Haikupita wiki, Adhieu akaanza kuhara na kutapika. Daktari akaamuru oti ziachwe kabisa. Anyieth hakuja tena jikoni, na kambini ikanong'onwa kwamba mpishi amemlisha mtoto kitu kibaya. Mtunza stoo, kwa hekima yake, alisema huenda ni maji.

 Mama Akal alikuja stoo, akasalimu "Ejok", akaketi juu ya gunia la maharagwe asubuhi nzima akitazama, kama anayemchunguza mbuzi anayechechemea. Mtunza stoo alifurahi kupata mtazamaji. Akapima unga wa ngano wa chapati za wafanyakazi, akalikung'uta gorogoro pajani mara mbili, kama alivyozoea, akijiona msafi kuliko wote. Kisha akalitumbukiza kwenye oti.

"Bwana stoo," Mama Akal akasema, "hebu angalia suruali yako."

Paja lote lilikuwa jeupe.

"Hiyo ni ile imetoka. Ile imebaki inaenda kwa nani?"

Mtunza stoo akaliweka gorogoro chini.

Kwa daktari, Mama Akal alisema tu kwamba kosa ni la kopo. Hakuutaja mkono ulioshika kopo. Akanunua kopo lingine, akalifunga ushanga mwekundu, akalipa msumari wake peke yake, kisha akalipeleka mwenyewe kwa Anyieth alione. Mfuko mpya ulipofika, Adhieu akaanzishwa tena. Sasa ana miaka tisa na hakuna anayemfikia kwa mbio.

Kwa hiyo miaka miwili gorogoro la stoo limelaumiwa bure. Leo linasafishwa jina.

Wiki iliyopita Mama Akal alimwita mtunza stoo jikoni kumkabidhi kazi ya kupima oti. Akamwambia ageuke. Akamkagua mbele na nyuma, ndipo akampa kopo la ushanga.

Asante, Mama Akal, kwa biskuti, na kwa jina ambalo hukulitaja. Nyumbani Kanamkemer pakupokee vizuri, miguu ipumzike, mbuzi wazae mapacha. Mtunza stoo ataendelea kuvaa suruali nyeusi, ili ngano ikimgusa, ionekane.