Aliyekataa Kupima Bomba Likiwa Baridi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kupima vipuri vya magari, fundi sanifu mkuu, tunayemwita Bi Mtetemo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza karakana, akichomelea mabomba ya moshi yaliyopasuka. Alichoshwa na kuziba nyufa asizojua zilikotoka, akaomba ahamishiwe kwenye meza ya kutikisia, ile inayotikisa vipuri ili tuone vitakatikia wapi. Tangu hapo, ukimpa lifti lazima aweke kiganja kwenye dashibodi na kukutajia kinachokaribia kulegea. Mumewe anasema hata friji yao haina raha.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa yale mabasi ya shule. Mabomba ya moshi ya mabasi hayo yalikuwa yakikatika njiani, moshi unaingia ndani, watoto wanashuka wakiwa na kizunguzungu. Tulipima bomba jipya mezani likafaulu. Bi Mtetemo akagoma: tumelipima likiwa baridi, na barabarani halikai baridi.

Kulipasha moto kwa injini halisi kukaleta balaa. Gundi iliyoshikilia sensa za kupima mtetemo iliyeyuka, sensa zikadondoka, nyaya zikaungua. Wiki zikapita. Mteja, mwenye mabasi, alipiga simu kila asubuhi akidai cheti, mpaka meneja akashika kalamu akitie saini hivyo hivyo.

“Bosi,” Bi Mtetemo akamwambia, “binti yako ungempandisha basi hilo?”

Meneja akaiweka kalamu chini.

Bi Mtetemo akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Alichomelea vijiti vifupi vya chuma kwenye bomba, akafunga sensa kwenye ncha zake, mbali kidogo na joto, feni ikizipuliza. Safari hii zilishika. Injini ilipofika mwendo wa kupanda mlima, mistari kwenye skrini ikaruka juu, na kishikizo cha bomba kikakatika tukiona kwa macho yetu. Sote tulipiga kelele. Yeye aliomba bomba la pili, ahakikishe. Nalo likakatika palepale.

Kishikizo kilibuniwa upya, kikapimwa kwa moto, kikastahimili. Mabasi yalirudi barabarani, na hatujasikia tena mtoto aliyeugua kwa moshi wa mabasi hayo. Sasa hapa kwetu hakuna bomba linalopata cheti bila kupashwa moto kwanza.

Bi Mtetemo, asante kwa ubishi wako. Umetufundisha kazi, na umetuachia maabara inayoaminika. Nenda ukapumzike na familia yako kwa afya na furaha tele; umestahili kila siku ya mapumziko hayo.