Fundi Herufi na Sahihi Mia Nne na Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, baba yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma hadi darasa la nne tu, kwa kuwa babu yetu alifariki, lakini mwandiko wake ulikuwa umeshaushinda wa mwalimu.

Mwaka 1970 alianza kujifunza kazi ya kuandika mabango ya maduka, na hakuiacha. Bango likipauka alipanda ngazi kulipitia upya kwa brashi, hata kama mwenye duka hajamwita. Herufi iliyofifia ilimkosesha raha.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu. Mama, hapo alipoketi, hatakataa kwamba barua ya kwanza ya uchumba aliirudisha. "Huyu kaandikiwa na karani," alisema. "Mwanamume gani ana mwandiko kama huu?" Ikabidi baba aende akaandike nyingine mbele yake, jasho likimtoka. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akatutangulia.

Tangu 1994 alikuwa katibu wa chama kidogo cha upinzani, ambacho mkutano wake mkuu ulienea kwenye mabenchi matatu. Mlimcheka, naye akacheka pamoja nanyi. Uchaguzi uliopita chama kilikosa kufikisha kura mbili katika kila mia, na kwa sheria kikaondolewa kwenye karatasi ya kura. Ili kirudi, zilitakiwa sahihi elfu tatu za wapiga kura ndani ya siku tisini, la sivyo kingefutwa. Baba, mzee wa miaka sabini na kitu, akaingia mitaani na faili kwapani. Mnajua mlivyomjibu. "Mzee, pita kesho." "Usiniponze, nina watoto." Hata hivyo akapata elfu tatu mia moja hamsini na sita.

Wiki ya mwisho paa lilivuja juu ya kabati. Karatasi zikalowa, wino ukafifia. Baba alikaa mezani siku mbili akizipitia sahihi moja moja kwa kalamu mpya, kila mkunjo, kama alivyozoea kupitia mabango yake. Kalamu nilimnunulia mimi, binti yake wa kwanza. Nikamwambia, "Baba, zimependeza." Laiti ningeufyata ulimi wangu!

Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa tisa alasiri, karani wa ofisi ya uchaguzi alizisukuma kando sahihi mia nne na kumi na mbili.

"Mzee, hizi ni za mkono mmoja."

"Mkono ni wangu, mwanangu, lakini watu ni wao. Waite uwaulize."

"Mwisho wa kupokea ni saa kumi, mzee wangu."

Zikapungua mia mbili hamsini na sita kufikia elfu tatu. Chama kikafutwa siku hiyo hiyo, miaka thelathini na mmoja ikaenda na maji. Nyumbani hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Nimewazika wenzangu kwa mkono wangu," na hakushika kalamu tena.

Tarehe 2 Juni alipooza upande wa kulia. Hospitalini vidole vya kushoto vilikuwa vikichorachora kwenye shuka, hatukujua nini. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Ndugu zangu, mlipoingia mlisaini kitabu cha maombolezo pale mlangoni. Nimezihesabu. Ni sahihi mia tatu na nne, na watu bado wanaingia. Hakuna aliyesema atapita kesho. Ya kwanza kabisa ni yangu. Kwenye faili lake sikusaini, niliogopea kazi yangu ya serikali. Aliniomba mara mbili, akaniacha.

Tuwie radhi, baba. Pumzika kwa amani, usitusubiri tena.